Ujumbe Ulifika kwa Nani?

Zaituni, mtoto wangu wa kwanza na bingwa wa ubishi,

Salamu ni zako hata kama nimekasirika. Umeshuka Nkanka kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule samaki na usikilize malalamiko yake yote, kwa hiyo nina nafasi hadi Maghrib. Nimekaa barazani, karatasi nimeiweka juu ya ndoo ya mayai niliyoigeuza. Papa yako yuko kwenye cherehani anakunja pindo la gauni lako la kazi. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia dada yangu wa Bukavu. Amecheka, maana dada yangu tunaonana naye kila wiki.

Mambo ya sweta, ya chakula cha njiani, ya kushika mkoba vizuri ukishuka Kigali, hayo umeshaambiwa na mtaa mzima. Mimi nataka kusema lile lililotufanya tupishane uani tangu Ijumaa kama wapangaji wasiojuana. Na usicheke Kiswahili changu. Mdomoni nina cha Kamembe, lakini hiki cha kalamu mwalimu wa madrasa alinichapa nacho mpaka kikakaa.

Ulipopata kazi nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Mtoto wa fundi cherehani anakwenda kufanya kazi kwenye ofisi inayotengeneza ordinateur, kompyuta za hospitali, zile zinazoandikisha wagonjwa na kuwatumia ujumbe! Nilijigamba kwa kila niliyekutana naye kwenye daraja la mpakani. Halafu Ijumaa tukala pamoja, na Maman Furaha, jirani yetu ambaye mdomo wake hauna mlango, akakutania:

"Zaituni, ukifika kule ufundishe bale batoto ba mu bureau. Banaonaka namba, habaonake muntu."

Wote tulicheka. Wewe ukaweka kijiko chini ukasema, "Maman Furaha, système ilifanya kazi yake. Message ilifika. Ni Maman alitoa puce mu simu."

Mbele ya papa yako. Yeye akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake. Mimi nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Sasa nisikilize. Wakati yale yanatokea ulikuwa bweni, shule ya ufundi, na tulikupa habari kwa vipande vipande ili usiharibu mitihani. Pengine ndiyo maana umekua ukidhani ni hadithi ya puce, ya laini ya simu tu. Leo nakupa yote.

Papa yako alikanyaga pini. Fundi wa kushona kukanyaga pini si habari, lakini safari ile hakusikia kitu. Damu tuliiona sisi sakafuni, yeye anaendelea kupiga gumzo na mteja. Sukari ilikuwa imeshakula hisia za miguu yake na hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba sukari hufanya hivyo. Walichokuwa wamemwambia kliniki ni kupunguza chai tamu. Kidonda kikakaa, kikageuka rangi, kikaanza kunuka, tukapanda hospitali.

Hospitali ilikuwa imepakwa rangi mpya, na mimi niliingia nikifurahi kama mjinga. Kulikuwa na skrini ukutani inayoonyesha namba ya mgonjwa anayefuata. Unajua wagonjwa wa sukari macho yao yalivyochoka. Wamejaa kwenye benchi wanakodoa, wanaulizana, "Imeandika ngapi pale?" Yule mama aliyekuwa anasimama mlangoni akiita majina kwa sauti, walikuwa wameshamwondoa, kwa sababu skrini ipo. Na chumba cha vidonda vya miguu, Zaituni, cha miguu, walikuwa wamekiweka ghorofani. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Papa yako hakuweza kungoja chini, alipanda ngazi zile akishika ukuta, akikanyaga kwa kisigino, na mimi nyuma yake nikimsukuma mgongoni. Tulipofika juu muuguzi alimwambia asikanyagie ule mguu.

Walikwangua kidonda, wakachukua kipimo. Kijana wa kwenye ordinateur akauliza namba ya simu. Papa yako simu hana na hataki, anasema inamkatiza mshono. Lakini hata angekuwa nayo nisingeitoa. Wewe ni wa hapa, unajua desturi yetu. Habari ya ugonjwa haimwendei mgonjwa peke yake. Inapita kwanza kwa anayemtunza, naye anajua aiseme lini na kwa maneno gani. Nikatoa namba yangu. Yule kijana akaandika, akasema:

"Maman, resultat ikitoka mutapata message. Musikuje mbele ya message, munatujazia couloir, bantu habapite."

Tukasema sawa. Sisi ni watu wa kutii.

Wiki ile dada yangu alijifungua Bukavu kwa shida, nikaenda kukaa naye. Na unajua wauza mayai wote wa daraja lile tunafanya nini. Tukivuka, puce ya Rwanda inatoka, ya Kongo inaingia, maana wateja wako ng'ambo na simu yangu ya tochi ina nafasi ya puce moja tu. Ya Rwanda naifunga kwenye ncha ya kitenge. Wanawake wote wanafanya hivyo. Mtu akisimama darajani asubuhi anatuona tumepanga mstari tunafungua simu zetu kwa kucha. Hospitali ile inatibu wavukaji kila siku, nusu ya watu kwenye benchi wana vumbi la Bukavu kwenye viatu. Je, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza, "Maman, namba hii inashikika saa zote?" Kuuliza si ujinga. Kuuliza ni bure.

Niliporudi, katikati ya daraja, nikarudisha puce. Simu ikaanza kulia. Matangazo, matangazo, mtu aliyekosea namba, halafu hospitali. Matokeo tayari, mgonjwa afike haraka. Chini yake ujumbe wa pili, mgonjwa afike leo. Chini yake wa tatu, kwamba mgonjwa hakufika na nafasi yake imefungwa. Nilikimbia na mayai niliyorudi nayo, sijui hata yaliishia wapi.

Nimkute papa yako wapi? Barazani, amekaa, ana homa, mguu juu ya kigoda, anasubiri. Maman Furaha alikuwa anamletea uji kila jioni na kumwambia apande hospitali. Anamjibu nini? "Balisema tusikuje mbele ya message." Alitii, Zaituni. Kutoka hospitali hadi baraza letu ni mwendo wa kula muhindi mmoja. Mshauri wa afya wa kijiji, ambaye watu wa hospitali wanamjua kwa jina, anapita mbele ya cherehani ile kila asubuhi na kusalimia. Ujumbe ulipanda hewani, ukashuka kwenye ncha ya kitenge changu huko Bukavu, ukalala. Hakuna mguu hata mmoja uliotembea kuja kuangalia kama mguu wa papa yako bado uko.

Tulipofika, kijana yuleyule alinigeuzia ordinateur nione.

"Maman, angalia. Iko hapa, livré. Imefika."

"Imefika kwa nani?"

"Kwa namba, Maman."

Nakuapia hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na uso wa huruma kabisa. Hakuelewa tu kwa nini ninauliza. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha pale alama ilipogeuka. Halafu daktari akatuita, akaeleza kwamba tumechelewa, kwamba mguu lazima ukatwe chini ya goti ili roho ibaki. Akaeleza vizuri, kwa upole, kwa Kinyarwanda safi. Na mimi, unajua nilisema nini? Niliinamisha kichwa nikasema, "Murakoze, docteur." Nikarudi kwa yule kijana nikamwambia asante na yeye.

Hilo ndilo linaloniamsha, si puce. Puce nilitoa, ndiyo, na ningeitoa tena, maana kwa mayai ya ng'ambo ndivyo ulivyosomeshwa. Lakini ile asante! Mama yangu alinifundisha kwamba mbele ya mwenye koti jeupe unashukuru kwanza, mengine baadaye. Na mimi nikakufundisha wewe. Ulipokuwa mdogo nikikupeleka chanjo nilikufinya useme asante huku unalia. Nisamehe kwa hilo. Hukuwa na deni la asante kwa mtu aliyekuchoma sindano bila kukutazama usoni.

Usidhani nataka turudi zamani. Wanaosema hospitali ya zamani ilikuwa bora, nawaambia waende makaburini wakahesabu. Bibi yako, mama yangu, alikufa kwa sukari hii hii na hakuna aliyeijua. Alikuwa anakunywa maji usiku kucha, anakonda, sisi tukasema amerogwa, tukampeleka kwa mganga, huko Butare yetu ya mashambani, na hospitali nayo ikampa dawa ya malaria kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa na malaria. Lakini waliita jina lake mlangoni kwa heshima sana. Walimjua mpaka jina la baba yake. Ugonjwa wake ndio hawakuujua.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na mashine. Tone moja la damu leo linaniambia sukari yangu iko wapi kabla sijanywa chai. Bibi yako angekuwa nayo ningemwona akikubeba. Ninachokasirikia ni hiki: ile nyumba ilijengwa kwa ajili ya mtu anayekuja na homa, analala, anapona, anakwenda zake. Au anazaa anakwenda zake. Sasa wamejaa watu kama mimi na papa yako, ambao hatuponi wala hatufi, tunarudi kila mwezi mpaka Mungu atakapotuchoka. Tuna biashara, tuna mipaka ya kuvuka, tuna macho yaliyofifia na miguu isiyosikia. Wagonjwa wamebadilika, mashine zimebadilika, na katikati wamebaki watu wanaodhani kazi yao ni kubonyeza. Kisha mgonjwa akianguka kati ya mashine na mtu, wanasema amechelewa.

Papa yako hana hasira. Hilo nalo linanikasirisha. Nikianza ananiambia, "Maman Zaituni, ordinateur haina maskio, unaipigia kelele ya bure." Anasema waliomkata walimkata vizuri, na kweli, kovu ni safi kama mshono wake mwenyewe. Anasema bora mguu mmoja na roho. Sawa. Lakini mimi nilikuwepo siku aliporudi nyumbani akakaa kwenye cherehani akijaribu kupiga pedali kwa mguu uliobaki. Alijaribu mbele ya mteja. Kisha akamwambia mteja aende kwa fundi mwingine, akamtajia na jina. Jioni ile hakula.

Na hapa nafika kwako, mtoto wa ubishi.

Ulirudi likizo ukamkuta hivyo. Hukusema pole nyingi. Ulizunguka soko la Kamembe mpaka ukapata moteur ya zamani ya cherehani, ukaifunga pale kwa nati na waya wa baiskeli, na pedali yake ya umeme ukaiweka chini kama wanavyoweka watu wote. Papa yako akakanyaga. Cherehani ikapiga mbio kama mbuzi aliyekata kamba, ikameza kitambaa cha watu. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mtu mwingine angesema moteur inafanya kazi, ni mzee hajui kukanyaga. Ungekuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu moteur kweli ilikuwa inafanya kazi.

Wewe uliingia chini ya meza. Ulikaa pale kwenye vumbi na vipande vya nyuzi, unautazama mguu wake. Halafu nikakusikia unamuuliza, "Papa, unasikia unavyokanyaga?"

Akakichomoa kitambaa kwenye sindano. Kisha akasema, "Hapana. Sisikii kitu."

Hakuwahi kuniambia mimi. Hakumwambia daktari. Mguu uliobaki nao ulikuwa umeshaanza kufa ganzi, na aliona aibu kusema, kwa sababu aliogopa watauchukua na huo. Ukamuuliza tena, "Sasa unasikia kuanzia wapi?" Akakushika mkono, akauweka kwenye goti. Ukang'oa pedali, ukaipandisha, ukaifunga pembeni ya meza ili aisukume kwa goti. Na wiki ile ile ukampeleka wewe mwenyewe kliniki aonyeshe mguu wa pili, na mguu huo anao mpaka leo. Ninapoandika nasikia moteur inalia, inakwenda polepole kwenye kona ya pindo, inakazana kwenye mstari. Anaiendesha kwa goti kama mtu anayetikisa mtoto.

Msichana yule aliyekaa chini ya meza ndiye niliyempigia vigelegele. Yule wa Ijumaa simjui. Umetoka chuo na maneno makubwa, na sikatai, umeyasomea. Lakini ulipomwambia papa yako kwamba système ilifanya kazi, nilimsikia yule kijana wa hospitali, sauti ileile, huruma ileile. Nikaogopa. Ndiyo, chini ya hasira yangu kuna woga, na nakuambia kwa sababu kesho hutakuwepo kuuona usoni mwangu. Naogopa watakupa kiti cha kuzunguka na ofisi yenye kioo, na hutaona tena miguu ya mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe wa nyumba hii umekilalia. Ukisahau wewe, nani atakumbuka?

Watakuambia hakuna muda wa kumuuliza kila mgonjwa. Waambie ulipata muda wa kukaa chini ya meza. Watakuambia watu wa huku kwetu Rusizi wanabadilisha puce ovyo. Waambie wauza mayai walikuwa darajani kabla ya ordinateur kuja, na ordinateur ndiyo mgeni, ibishe hodi. Gomba. Usiwe kama mimi, usiseme asante kwanza. Wakikuona msumbufu, sema umerithi.

Nina jambo moja limebaki, na nimelificha mpaka hapa kwa sababu ningelisema Ijumaa ungeahirisha safari, nami sitaki uahirishe.

Ile siku niliyosema nakwenda sokoni nilikwenda kliniki. Miguu yangu inavimba. Wamechukua damu, wanataka kujua kama sukari imegusa figo. Kipimo kinapelekwa mbali, majibu yatakuja kwa ujumbe. Msichana wa kwenye ordinateur, mwingine huyu, aliniuliza namba. Nilifungua mdomo nitaje yangu. Kisha nikataja yako. Akaniuliza, "Ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mtoto wangu, anakwenda kufanya kazi ndani ya mashine yenu.

Kwa hiyo utakuwa Kigali, kwenye kiti chako kipya, na simu italia. Usinitumie message ya kuniambia message imefika. Nipigie. Nisiposhika, ujue niko ng'ambo na puce iko kwenye kitenge, maana sitaacha kuuza mayai. Mpigie Maman Furaha. Mwambie aende darajani asimame anisubiri, na mdomo wake ule usiokuwa na mlango safari hii utafaa. Yeye asiposhika, tafuta mwingine. Tafuta mpaka umpate mtu mwenye miguu.

Na siku nitakayokushika mwenyewe kwenye simu nikakuambia kwa sauti yangu, "Nimesikia, Zaituni," siku hiyo, si kabla, uniambie système ilifanya kazi.

Mungu akutangulie msituni Nyungwe na kwenye kila mlango utakaougonga. Njoo ujaribu gauni, papa yako amezima moteur.

Maman yako